Niliwapa Watu wa Mchezo wa Kompyuta Sauti ya Kaka Yangu

Nilifanya kosa, na nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, mchana, nimekaa kwenye kiti changu na kikombe cha chai kando. Hakuna aliyenilazimisha. Nasema mapema ili usianze kunitafutia sababu. Mimi mwenyewe nimezitafuta muda mrefu na sikuziona.

Majina nimeyabadilisha, langu siliandiki. Watu wetu hapa Sydney si wengi kiasi cha kujificha. Huenda wewe unayesoma ulikuwepo siku ile kwenye ukumbi wa kanisa. Kama ulikuwepo, utanijua, na sina la kufanya.

Kaka yangu, nitamwita Ezra, ndiye aliyenitangulia kuja Australia. Nilipofika alinipokea uwanja wa ndege akiwa bado na sare ya kazini, akanipeleka kwake Bankstown alikokuwa akiishi na mkewe, Mama Joan, na binti yao, Joan, ambaye wakati huo alikuwa darasa la kwanza. Nilikaa nao miaka mitatu. Mama Joan ndiye aliyenifundisha kujaza fomu za huku, kupanda treni, kuongea na wakala wa nyumba bila kutetemeka. Nilipopata kazi ya kuhudumia wazee karibu na Westmead, ni yeye aliyenipigia pasi sare ya siku ya kwanza, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeamka na hofu hadi sijui mkono wa shati uko wapi. Nataka umjue hivyo kabla hujasikia nilichomfanyia.

Mimi na Ezra tulipenda kitu kimoja: michezo ya kompyuta ya mikakati. Ile ya kujenga mji kutoka kibanda kimoja. Unalima, unachimba madini, unajenga ukuta, halafu unangoja adui aje. Tulianza Nakuru kwenye cyber moja nyuma ya stendi, tukaendelea Bankstown kila Jumamosi nisipokuwa na shifti. Hata nilipohamia Parramatta nilikuwa nikirudi kwao na laptopu yangu mgongoni. Ezra alicheza polepole. Adui akivamia mimi napiga kelele, yeye anasema tu, "Tulieni, watu wangu," kana kwamba wale watu wadogo kwenye kioo wanamsikia. Joan alikuwa anacheka hapo kila mara.

Ezra alifariki Jumapili moja asubuhi, akifunga kamba za viatu aende kanisani. Ni moyo. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Nilisafiri na mwili hadi nyumbani, tukazika, nikarudi, nikaingia shifti Jumatatu. Watu walisema nimejikaza. Sikuwa nimejikaza, nilikuwa sisikii kitu. Nilimwogesha mzee wa watu, nikamvalisha, nikamsalimia binti yake aliyekuja kumwona, nikaandika kwenye faili kwamba amekula vizuri. Nikifika nyumbani nilikaa kitandani na koti hadi nikumbuke kulivua.

Nilichobaki nacho cha kaka yangu ni jumbe za sauti. Hakupenda kuandika, alikuwa anabonyeza simu na kusema. Kwenye simu yangu zilikuwepo kumi na moja. "Uko wapi? Chakula kinapoa." "Mdogo wangu, umefika?" "Ukipita dukani leta maziwa." Moja anaanza kunisimulia kitu cha kazini kwake, anacheka mpaka anashindwa kumaliza, na inaishia hapo. Mpaka leo sijui ilikuwa nini.

Kama miezi mitano baada ya mazishi, Mama Joan alinisimamisha nje ya kanisa.

"Shemeji, simu yangu iliingia maji. Imekufa na kila kitu," aliniambia. "Sauti ya Baba Joan sina hata moja. Wewe unazo?"

"Ninazo chache."

"Nitumie basi. Hata moja tu."

"Nitakutafutia, shemeji. Ziko mahali."

Hazikuwa mahali. Zilikuwa kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwangu wakati huo huo. Ningeweza kuzituma kabla hajafika kwenye gari lake. Sikuzituma. Kama unataka ukweli, nilitaka ziwe zangu peke yangu kwanza. Yeye alikuwa na nyumba, nguo za Ezra, binti anayetembea kama baba yake. Mimi nilikuwa na zile kumi na moja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Aliniuliza tena mara mbili, nikajibu vilevile, akaacha kuuliza.

Wiki hizo hizo ndipo nilipouona ule mchezo. Jina lake sitalitaja. Kikundi cha vijana wachache, mbali na hapa, kilikuwa kinaomba watu wachange mtandaoni ili watengeneze mchezo wa mikakati wa falme za kwetu za zamani. Misafara ya chumvi, wafua chuma, miji yenye kuta, watu wanaozungumza Kiswahili kabisa. Ni harambee kama nyingine, tofauti ni kwamba hapa unachangia watu usiowajua kwa kitu ambacho hakijakuwepo. Video yao ya kuonjesha ilikuwa ya dakika mbili. Niliitazama nikasikia kitu kifuani kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ezra angeupenda. Hilo ndilo nililowaza.

Kiasi nilichochanga nakiacha. Kilienda, na si hicho kilichonileta hapa.

Walioingia kundi la juu la wachangiaji waliahidiwa mhusika wao ndani ya mchezo. Unatuma picha na sauti, wanakutengenezea mtu. Wakaniandikia kwamba nikiwa na mtu wa kumkumbuka, wanaweza kumfanya jemadari, mwenye hadithi yake na sauti yake. Nikajaza fomu. Mwisho wa fomu palikuwa na kisanduku cha kuthibitisha kwamba familia ya marehemu imekubali.

Nikaweka alama ya ndiyo.

Nikatuma picha ya Ezra amevaa suti siku ya ubatizo wa Joan, na sauti zote kumi na moja. Zile nilizosema nazitafuta.

Mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa Bahati, mwenzangu kazini, mama wa Bukavu aliyenizidi umri. Tulikuwa tunakula mchana, nikamfungulia mchoro walionitumia: Ezra na mkuki, amesimama juu ya ukuta.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Ndiyo. Atakuwa jemadari."

Aliutazama sana. "Na bibi yake anajua hii mambo?"

"Nataka nimshangaze ikiwa tayari."

"Hapana, weye. Mutu akikufa, sauti yake ni ya bibi na batoto. Muulize kwanza."

Nilimwambia nitamuuliza. Nikafunika chakula changu nikarudi kazini kabla muda haujaisha.

Mchezo ulipaswa kuwa tayari mwaka ule. Ukaahirishwa, kisha tena. Mwanzoni barua zao zilikuja kila wiki na picha nzuri, halafu kila mwezi, halafu zikawa zinaeleza mambo mengine: mkuu wao ameondoka, mpiga muziki ameugua, wamebadilisha mtambo wa kuujengea mchezo. Picha zilibaki nzuri. Mchangiaji mmoja aliuliza kwenye kikundi chetu wachangiaji cha mtandaoni mbona hatujawahi kuona mtu akicheza, hata dakika moja. Swali la haki kabisa. Mimi ndiye niliyemjibu, na nilimjibu vibaya. Nikamwambia akatengeneze wake. Wengine wakanishangilia, yule mtu akatoka.

Sikuwa natetea mchezo. Kama ule mchezo ulikuwa upuuzi, basi zile sauti nilizitupa wapi? Sikutaka kuuliza hilo, kwa hiyo nilimfukuza aliyekaribia kuliuliza.

Ulitoka baada ya zaidi ya miaka miwili. Niliomba siku ya mapumziko, nikanunua samosa kama tulivyokuwa tukifanya na Ezra, nikawasha.

Ulikuwa mbaya. Wakulima walilima hewani, hatua moja juu ya shamba. Wanajeshi wangu waliingia mtoni wakakwama humo wakitembea tu. Adui alikuja hadi langoni, akasimama, akatutazama. Mji mzima uliokuwa kwenye video ya dakika mbili ulikuwa mitaa miwili na ukuta usiozunguka.

Ezra hakuwa jemadari. Walimfanya mlinzi wa lango kwenye vita vya kwanza kabisa, vile vya kujifunzia, na lazima afe ili mchezo uendelee. Uso wake wameuvuta hadi masikioni. Mdomo hausogei. Sauti walizikatakata wakazipanga wanavyojua wao. Anapochomwa mkuki anasema, "Chakula kinapoa." Halafu anacheka kile kicheko chake cha kushindwa kumaliza hadithi. Na kwa kuwa mchezo wenyewe ulikuwa na hitilafu, wakati mwingine kicheko hakikomi hata akishakufa. Kinaendelea, maiti imelala, hadi uzime.

Nilirudia mara nne kutafuta njia ya kumwokoa. Niliweka askari wote langoni. Nilijaribu kumwondoa pale. Haondoki.

Nikafunga kompyuta, nikafua nguo. Nakumbuka nilizitenganisha vizuri, nyeupe na za rangi.

Mtu fulani alirekodi kile kipande, akaandika maneno ya kejeli juu yake, akakiweka mtandaoni. Mchezo wenyewe haukuchezwa na watu wengi, lakini kipande kilisambaa, hasa kwa vijana wanaojua Kiswahili. Mlinzi anayekufa akilalamikia chakula. Kwa asiyemjua, kinachekesha kweli.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa na chakula cha pamoja ukumbini, hapa Parramatta. Mimi nilikuwa nimebeba sinia ya chapati, Mama Joan anapakua pilau. Vijana walikuwa kwenye kona wameizunguka simu moja wanacheka. Joan alikuwa miongoni mwao, wakati huo ana miaka kumi na mitano. Nilimwona akiacha kucheka. Akachukua ile simu mkononi mwa mwenzake, akaiweka sikioni kama mtu anayepokea simu, akaja nayo hadi kwa mama yake.

"Mum," alisema, "that's Dad."

"Nini?"

"Sikiliza."

Joan huwa anajibu kwa Kiingereza hata ukimsemesha vipi. Siku hiyo alisema "sikiliza."

Mama Joan aliweka mwiko chini. Akasikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakulia. Watu wa mstari walikuwa wanasubiri pilau na sahani mkononi. Akaniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na kwa sababu ni mimi wa kuulizwa.

"Shemeji, hii sauti wameitoa wapi?"

Nikasema, "Sijui."

Hilo ni kosa la pili, na kwangu limezidi la kwanza. Lile la kwanza nililifanya yeye hayupo. Hili nililifanya namtazama machoni.

Alipofika nyumbani alianza kutafuta. Laptopu ya zamani ya Ezra ilikuwa kwa Joan, na Joan naye anapenda michezo na huwa anaweka video mtandaoni. Mama Joan akapata jibu lake hapo: mtoto alizikuta sauti humo, akazitoa. Akamnyang'anya mtoto laptopu na simu. Joan alikana, na kadiri alivyokana ndivyo mama alivyoona anadanganya.

Jumatano ile nilikwenda kwao. Nilikuwa nimealikwa, nikaona nisipokwenda nitashukiwa. Tulikula ugali na sukuma wiki. Joan hakutoka chumbani. Mama Joan alisema mezani, kwa sauti ya kufika hadi kule ndani, kwamba hakujua amezaa mtoto wa kuuza sauti ya baba yake kwa watu wa kumcheka. Mimi nikasema sukuma ni tamu.

Jumatatu iliyofuata Joan alinipigia kwa simu ya rafiki yake wa shule.

"Anko, she thinks it was me," alisema. "Mwambie si mimi. Wewe atakusikia."

"Nitaongea naye."

"Leo?"

"Nitaongea naye, Joan."

Nikakaa siku nne zaidi. Niliomba shifti za ziada ili nisiwe na nafasi. Siku ya nne Bahati alinikuta kwenye chumba cha kufulia nimesimama na shuka mkononi, mashine imeshamaliza kitambo. Aliniuliza kama mchezo ulitoka. Nikamwambia karibu yote, pale pale. Hakusema, "Nilikuambia." Alichukua ile shuka, akasema, "Shifti yako nitaimaliza mimi. Enda."

Nilifika Bankstown saa kumi jioni. Mama Joan alikuwa sebuleni anakunja nguo. Nilibaki nimesimama.

"Shemeji, zile sauti ni mimi niliyewapa."

Aliendelea kukunja ile aliyokuwa nayo hadi mwisho, akaiweka juu ya nyingine.

"Uliwapa lini?"

"Mwaka ule ule alioondoka."

"Kabla sijakuomba, au baada?"

"Baada."

Kisha akauliza, "Na Joan?"

"Hajui chochote."

"Karibu wiki mbili namwita mtoto wangu mwongo. Ulikuwa hapo mezani."

"Ndiyo."

"Ukanisifia mboga."

Alimwita Joan, akaniambia nirudie mbele yake. Nikarudia maneno yale yale, hata mpangilio sikuubadilisha. Joan hakuniangalia. Alimwangalia mama yake muda wote, na mama yake akamwambia, "Nisamehe, mama," na Joan akasema, "It's okay, Mum," na wakashikana pale kati ya zile nguo, nami nimesimama kama mtu aliyekuja kusoma mita.

Nikiwa nimedhani yameisha, Mama Joan akajifuta uso.

"Nitumie zote. Sasa hivi."

Nilizituma. Simu yake ililia mara kumi na moja. Hakufungua hata moja, aliilaza kifudifudi mezani.

"Sasa futa zako."

"Shemeji..."

"Zifute. Nione."

Nilizifuta moja moja, yeye amesimama begani mwangu akihesabu kwa macho. Nilipofika kwenye ile ya kicheko mkono ulikataa kidogo. Alingoja. Nikaifuta.

"Mimi nimekaa bila yeye miaka hii yote na wewe umetembea naye mfukoni," alisema. "Nenda nyumbani."

Niliwaandikia wale vijana wa mchezo wamtoe Ezra. Nikakiri kwamba ruhusa sikuwa nayo. Jibu lilichukua wiki kadhaa: wanafunga kampuni, wanashukuru kwa kuwaunga mkono, na hakuna aliyebaki wa kubadilisha kitu. Mchezo bado upo mtandaoni. Yeyote anaweza kuupakua leo na kumuua kaka yangu kabla hajamaliza chai yake.

Kanisani Mama Joan alihamia ibada ya kwanza. Tukikutana mlangoni, wao wakitoka na mimi nikiingia, ananisalimia vizuri. "Habari yako." Neno shemeji halitumii tena. Joan yuko mwaka wa mwisho wa shule, nasikia anafanya vyema. Nasikia kwa watu.

Wengine mtauliza kama nina uchungu. Ningependa kusema ndiyo. Naamka, naingia kazini, narudi. Nilipozika kaka yangu nilidhani ile ganzi ni ya msiba na itapita. Sasa sijui ni ya nini.

Na kama nataka kumsikia Ezra, nimebakiwa na mahali pamoja tu pa kumsikia. Niliufungua mchezo mara moja baada ya pale. Nilizima kabla adui hajafika langoni, kwa hiyo hakusema kitu.

Haya nimeyaandika kwa ajili yako wewe ambaye unachangia kitu mtandaoni, ukisubiri barua zao kama barua za nyumbani. Usichangie kitu ukitegemea kikutibu. Anayeuliza maswali kwenye kikundi chenu msimfukuze, huyo anawatendea wema. Ukijikuta unapigana na watu usiowajua kutetea kitu ambacho hujakiona kikifanya kazi, funga hiyo simu ujiulize unaficha nini.

Na ukiwa na sauti ya mtu aliyeondoka, na mjane wake akakuomba, mtumie siku hiyo hiyo. Usiseme unatafuta. Picha yake, sauti yake, jina lake, usivipeleke popote kabla hujaketi na wenyewe ukawauliza kwa mdomo.

Nimewaambia watu kwamba nilisahau kumuuliza. Nilimwambia mchungaji hivyo, nikamwambia Bahati hivyo. Wewe nakwambia tofauti, kwa sababu hunijui. Sikusahau. Nilipokuwa naweka ile alama kwenye kisanduku, nilijua kabisa kwamba ningempigia Mama Joan angesema hapana.

Ndiyo maana sikumpigia.